Wu Zixu: waziri aliyeuawa kwa kusema kweli, akatupwa mtoni, watu wakamfanya mungu wa mawimbi

Kisa na Mkasa (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Mada hii nimekaa nayo muda mrefu, leo nimeamua kuishusha. Ni ndefu, nitaileta kwa vipande. Mwenye swali asisubiri mwisho, aulize hapo hapo.

Mimi nafanya kazi ya ukalimani wa Kichina. Kipindi cha Mwaka Mpya wao, fundi mmoja mzee, mwenyeji wa Suzhou, alinialika kula kwake. Akatoa pande la unga wa mchele wa kunata lililogandamizwa, jeupe, gumu kama sabuni ya mche. Akalikata vipande vyembamba, kisu kinang'ang'ania, akavikaanga na mboga za majani. Wenyewe wanaita niangao. Nilipoanza kula akasema, "Hayo ni matofali ya ukuta wa mji wetu." Nikadhani nimesikia vibaya. Akanisimulia habari za Wu Zixu mpaka chai ikapoa, na alipofika mahali pa macho kwenye lango (tutafika huko) alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kama mtu anayesimulia msiba wa ndani ya ukoo wake.

Huyo anayeliliwa alikufa mwaka 484 KK. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Niseme msimamo wangu mapema. Wu Zixu hakufanywa mungu na mfalme. Mfalme ndiye aliyemuua. Waliomfanya mungu ni watu wa kandokando ya mto, na walianza wakati muuaji wake bado yuko kwenye kiti cha enzi. Hilo ndilo lililonifanya nikeshe na vitabu.

Tuanze. Jina lake la ukoo ni Wu, jina alilopewa ni Yun, lakini anajulikana zaidi kama Zixu. Alizaliwa Chu, dola kubwa ya kusini kwenye bonde la mto Yangtze. Baadaye atatumikia dola iitwayo Wu. Msichanganye, kwa Kichina Wu ya ukoo wake na Wu ya dola huandikwa kwa herufi mbili tofauti, sisi kwa alfabeti yetu tunaziona sawa.

Baba yake, Wu She, alikuwa mwalimu mkuu wa mrithi wa kiti, Jian. Mwalimu msaidizi aliitwa Fei Wuji, na huyu ndiye chanzo cha moto. Mfalme Ping alimtuma kwenda dola ya Qin kumleta binti wa kuolewa na Jian. Fei Wuji alipomwona binti ni mzuri kupita kiasi, akawahi kwa mfalme: mchukue wewe, mwanao tutamtafutia mwingine. Mfalme akamwoa mchumba wa mwanawe. Kuanzia siku hiyo Fei Wuji akawa na hofu moja tu, kwamba Jian akitawala atamlipiza. Akaanza kumtia mfalme maneno kwamba mrithi anapanga uasi.

Mfalme akamwita Wu She kumhoji. Mzee akamwambia wazi: unawezaje kumtupa mwanao wa damu kwa maneno ya mfitini? Akatiwa ndani. Kisha akaambiwa, waite wanao wawili, wakija utaishi, wasipokuja utakufa. Wu She aliwajua wanawe. Akasema Shang, mkubwa, ana moyo laini, atakuja. Yun hatakuja.

Ikawa hivyo hivyo. Ndugu wote wawili walijua ni mtego. Shang akasema hawezi kuishi akijua baba aliita naye hakuitika, akamwambia mdogo wake, wewe nenda, utalipa kisasi. Mwaka 522 KK baba na kaka wakauawa pamoja. Zixu akaingia njiani.

Binti Pangani

Mkuu endelea, nimeacha chapati jikoni kwa ajili ya uzi huu. Ila nina swali: ni kweli nywele zake zilikuwa nyeupe usiku mmoja? Niliwahi kuona mchezo wa kuigiza wa Kichina, mtu analia jukwaani mbele ya lango, kila akitoka na kurudi ndevu zimebadilika rangi.

Kisa na Mkasa

Ndiye huyo dada yangu. Lango ni Zhaoguan, kizuizi cha mpakani kati ya Chu na Wu, leo ni mkoa wa Anhui. Wanasimulia kwamba picha yake ilibandikwa, kila apitaye alikaguliwa. Hadithi ya nywele ni ya baadaye, imekuzwa na wasimulizi na waigizaji, maandiko ya zamani hayana. Yenye mizizi ya kale ni ile ya mvuvi.

Zixu alifika ukingoni mwa mto, askari wako nyuma yake. Mvuvi mzee akamwona, akamvusha bila kuuliza jina. Upande wa pili Zixu akavua upanga wake, akasema una thamani ya vipande 100 vya dhahabu, chukua. Mvuvi akakataa. Akamwambia kwamba Chu wametangaza vipimo 50,000 vya nafaka na cheo kwa atakayemkamata Wu Zixu. Kama ningetaka mali ningekuachaje uende kwa ajili ya upanga mmoja?

Mimi hapa huwa natulia kidogo. Mzee alikuwa anamjua tangu mwanzo.

Yako masimulizi yanayosema mvuvi aliipindua mashua yake akazama, ili mkimbizi awe na hakika kwamba siri haitatoka. Na mbele zaidi, mwanamke aliyekuwa akifua mtoni alimpa chakula, naye akajitosa kwa sababu hiyo hiyo. Hayo yameandikwa miaka mingi baada ya tukio, kila mmoja ayapime mwenyewe. Lakini angalieni maji yalivyo kila mahali katika maisha ya mtu huyu kabla hajawa bwana wa maji.

Chuma cha Reli

Nondo nzito. Weka kipande kingine mkuu.

Kisa na Mkasa

Alifika Wu akiwa ombaomba. Wu wakati huo ilikuwa dola ya pembeni, watu wa maji na matete, wakubwa wa kaskazini waliwaona washenzi. Akamsoma haraka mwanamfalme Guang, aliyeamini kiti ni haki yake. Zixu akamtafutia mtu, Zhuan Zhu. Mwaka 515 KK, kwenye karamu, Zhuan Zhu aliingia amebeba samaki mzima kwenye sinia, akampasua mbele ya mfalme, ndani kulikuwa na jambia. Mfalme Liao akafa pale pale, na Zhuan Zhu naye akauawa na walinzi. Guang akawa mfalme Helü.

Sipambi. Mikono ya Zixu haikuwa safi.

Lakini alichojenga baada ya hapo kipo mpaka leo. Mwaka 514 KK alipewa kazi ya kupanga mji mkuu mpya. Inaelezwa kwamba alizunguka akionja maji na kuichunguza ardhi kwanza, kisha akachora mji wenye mzunguko wa li 47 (li ni kipimo cha Kichina cha umbali, karibu nusu kilomita), milango minane ya nchi kavu na minane ya maji. Mji huo ni Suzhou. Lango moja linaitwa Xumen, lango la Xu, na mfereji unaopita pale ni mto Xu. Xu ndiyo hiyo ya jina lake.

Yeye pia ndiye aliyempeleka Sun Wu kwa mfalme, huyu ambaye maandishi yake ya vita yanasomwa dunia nzima. Mwaka 506 KK majeshi ya Wu yakaivunja Chu pale Boju, yakaingia mji mkuu, Ying. Mfalme Ping alikuwa ameshakufa miaka kumi nyuma. Zixu akalifukua kaburi, akaitoa maiti, akaichapa viboko 300.

Wakili wa Kijiji

Hapa nitofautiane nawe kwa heshima, mleta uzi. Mtu aliyeongoza jeshi la kigeni kuichoma nchi aliyozaliwa, akachapa maiti, anastahilije tambiko? Chu siyo Fei Wuji peke yake. Chu ni wakulima, ni akina mama, ni huyo huyo mvuvi aliyemvusha. Walipoingia Ying walioteseka ni nani? Sisi kwetu maiti haipigwi hata kama ni ya adui. Na kama sikosei alikuwa na rafiki aliyefanya kinyume chake. Huyo ndiye ningemjengea hekalu.

Kisa na Mkasa

Hukosei. Rafiki yake ni Shen Baoxu. Siku Zixu anakimbia walikutana njiani. Zixu akasema, nitaiangusha Chu. Baoxu akajibu, wewe ukiiangusha, mimi nitaisimamisha. Na kila mmoja akatimiza neno lake. Ying ilipoanguka Baoxu alikwenda Qin kuomba msaada, wakamzungusha, akasimama uani kwa mfalme akilia siku saba mchana na usiku. Qin ikatoa magari ya vita 500, na Wu wakaondoka Chu.

Baoxu alimtumia Zixu ujumbe wa lawama, maneno karibu na hayo yako. Zixu akamjibu kwamba jua linakuchwa na safari yake bado ndefu, ndiyo maana anatenda kinyume. Hakujitetea kwamba ana haki. Na mimi sitamtetea kwenye maiti. Ila tuwe waangalifu: kumbukumbu ya kale zaidi ya vita ile haina habari ya viboko. Andiko jingine linasema alilichapa kaburi. Anayesema maiti ni Sima Qian, aliyeandika karne nne baadaye. Huyo Sima Qian naye alihasiwa kwa amri ya mfalme kwa sababu alimtetea jenerali aliyekuwa akilaumiwa na wote. Hukumu yake ni kwamba Zixu angekufa pamoja na baba yake asingekuwa tofauti na siafu au sisimizi. Mtu aliyepitia aibu ile lazima alimwona Zixu kwa jicho lake mwenyewe.

Wakili, swali lako la stahili nitalirudia. Kwanza nimalizie kifo.

Helü alijeruhiwa vitani dhidi ya Yue, dola jirani ya kusini, akafa mwaka 496 KK. Mwanawe Fuchai akamweka mtu uani: kila mfalme akipita, mtu huyo alimwita kwa jina na kumuuliza kama amesahau kwamba Yue wamemuua baba yake, naye akajibu hathubutu kusahau. Mwaka 494 KK akawapiga Yue vibaya. Mfalme wao, Goujian, akabaki na askari 5,000 amezingirwa mlimani Kuaiji. Akaomba amani, awe mtumwa. Na akampelekea zawadi Bo Pi, waziri mkuu wa Wu.

Bo Pi naye alikuwa mkimbizi kutoka Chu, familia yake iliangamizwa kule kama ya Zixu. Njia moja, msiba mmoja, nyoyo mbili tofauti kabisa.

Zixu akamwambia mfalme: maliza leo. Yue watatumia miaka kumi kuzaana na kukusanya, miaka kumi kufundisha na kujizoeza; ikifika ishirini, Wu itakuwa dimbwi. Fuchai hakusikia. Akampokea Goujian, baadaye akamrudisha kwao. Goujian akawa ananing'iniza nyongo mahali anapokaa, anaionja kila mara asisahau uchungu.

Miaka ikapita, Zixu anarudia jambo lile lile. Fuchai anataka kwenda kupigana na Qi, mbali kaskazini, awe mkubwa wa wakubwa. Zixu anasema Qi ni ugonjwa wa ngozi, Yue ni ugonjwa wa moyoni na tumboni. Hebu fikirieni kuwa mshauri wa aina hiyo: umemjengea baba yake mji, umemsaidia yeye kupata kiti, sasa kila ukiingia barazani watu wanatazamana. Alipotumwa Qi kwa kazi ya ubalozi akamwacha mwanawe kule kwa ukoo wa Bao. Alishajua. Bo Pi akapata alichotaka: huyu ana mtoto kwa adui!

Mwaka 484 KK mfalme alimpelekea upanga uitwao Zhulou. Upanga ukiletwa hivyo maana yake jiue.

Zixu aliwaambia watu wake mambo mawili. Pandeni mkatalpa juu ya kaburi langu, mbao zake zitafaa kwa jeneza la mfalme. Na yatoeni macho yangu, yatundikeni kwenye lango la mashariki, nipate kuwaona Yue wakiingia.

Fuchai alipoyasikia alikasirika, akaamuru maiti itiwe kwenye mfuko wa ngozi ya farasi na kutupwa mtoni. Kaburi hakupata.

Yue waliingia. Mwaka 473 KK Wu ilikwisha kabisa, miaka 21 tangu ule onyo. Goujian alitaka kumpa Fuchai mahali pa kuishi, akakataa, akajiua. Kabla ya kufa aliufunika uso wake, akisema hana uso wa kukutana na Zixu.

Binti Pangani

Ameufunika uso wake. Kwa hiyo hata yeye aliamini Zixu yupo anangoja.

Mzee wa Bamvua

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa bahari, nimevua zaidi ya miaka thelathini. Naomba kujua, huo mto ni upi na mawimbi yanaingiaje? Maana mto hauna wimbi la kutisha mtu, labda mafuriko.

Kisa na Mkasa

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo kiini.

Sima Qian anasema watu wa Wu walimhurumia, wakajenga mahali pa ibada kando ya mto, kilima kile wakakiita Xushan, mlima wa Xu. Hapo tu. Halafu imani ikasafiri kusini hadi kwenye mto Qiantang, unaoingia baharini Hangzhou, kwenye ardhi iliyokuwa ya Yue. Mto ule, mzee wangu, bahari inapojaa, maji hayapandi taratibu kama kwetu. Yanaingia kama ukuta, yanapanda mto kwa kurudi nyuma, yananguruma. Watu wakasema ni Zixu ndani ya mfuko wake wa ngozi, hajatulia.

Na ona jinsi imani ilivyokuwa na nguvu. Mwaka 143 BK, siku ya tano ya mwezi wa tano, mganga mmoja pale Shangyu, Cao Xu, alitoka na mashua kumlaki mungu huyu kwa ngoma na kucheza. Akazama, maiti haikuonekana. Binti yake Cao E, wa miaka 14, akalia kandokando ya mto siku 17, kisha akajitosa. Mto ule leo unaitwa Cao'e. Ndiyo maana upande wa Suzhou mashindano ya mashua za joka ya siku hiyo hiyo ni ya Wu Zixu, wakati sehemu nyingi za China wanamkumbuka Qu Yuan, mshairi wa Chu. UNESCO ilipoiorodhesha sikukuu hiyo mwaka 2009, desturi za Suzhou zilikuwemo.

Ila pale pale Shangyu alizaliwa mtu aliyepinga yote haya. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 BK, mtu maskini aliyesoma vitabu kwa kusimama kwenye maduka. Aliuliza: Qu Yuan naye alijitosa mtoni, mbona mto wake haufanyi mawimbi? Jenerali Peng Yue alichemshwa chunguni, mbona supu haikuruka ikawaunguza wauaji? Akasema wimbi linafuata mwezi, likikua na kupungua nao. Baharini maji yanakwenda tu, yakiingia mtoni kwenye kina kifupi na wembamba yanachemka na kuinuka. Hayo yameandikwa karne ya kwanza!

Mzee wa Bamvua

Marahaba mwanangu. Huyo Wang Chong kasema kweli tupu. Bamvua, yaani maji makubwa, linakuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kilele chake siyo usiku wa mwezi wenyewe, ni siku mbili tatu baadaye. Maji mafu, yale madogo, yanakuja mwezi ukiwa nusu. Mtoto wa pwani anajua hilo kabla hajaingia darasani. Na maji yakibanwa kwenye mlango mwembamba lazima yapande. Wao siku yao kubwa ni ipi?

Nipo Zhejiang

Tarehe 18 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya mwezi, mzee. Yaani siku tatu baada ya mwezi mpevu, kama ulivyosema.

Nasoma hapa, nimekwenda kuliona mara mbili pale Yanguan, Haining. Niwaeleze nilivyoona. Ghuba ya Hangzhou mdomoni ina upana wa karibu kilomita 100, ikifika pale imebanwa kuwa kilomita tatu hivi. Tulisimama kwenye ukuta wa mawe tangu asubuhi. Mto ulikuwa umetulia, wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanateremka kwenda baharini. Kwanza nilisikia sauti kabla ya kuona chochote, kama lori zito linalopita barabara ya mbali. Halafu mstari mweupe, mwembamba kama uzi, kutoka ukingo huu mpaka ule. Mtu anadhani haujongei. Ghafla uko mbele yako, ukuta wa povu unakimbia, na nyuma yake mto mzima umepanda na unakwenda upande wa pili, kuelekea bara. Magogo yaliyokuwa yanateremka nikayaona yanapandishwa.

Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu alikunja mikono kifuani akainama kidogo mara wimbi lilipopita, kisha akaendelea kumenya yai la mjukuu wake. Sikumuuliza kitu.

Chuma cha Reli

Mimi imani yangu inanikataza kumwita binadamu Mungu, naomba nieleweke. Hao Wachina wanaposema mungu wanamaanisha muumba?

Kisa na Mkasa

Swali zuri ndugu, na hakuna wa kukulaumu. Neno lao ni shen, na halimaanishi muumba. Liko karibu zaidi na mzimu wenye nguvu kuliko Mungu tunayemsema sisi. Mtu aliyeishi, mwenye kaburi na ukoo, akifa kwa namna fulani anaogopwa au anashukuriwa, anapewa ubani na sadaka. Nimeandika "mungu" kwa herufi ndogo kwa sababu hiyo.

Na siyo kila mzimu ulikubalika. Mwaka 688 Di Renjie, afisa mkubwa wa enzi ya Tang, alitumwa kusini akakuta vijumba vya ibada kila kona. Akavunja 1,700. Akabakiza vinne tu: cha Yu aliyetuliza mafuriko, cha Taibo, mwanzilishi wa dola ya Wu, cha Jizha, mwanamfalme wa Wu, na cha Wu Zixu.

Wakili, hapa ndipo narudi kwako. Di Renjie naye alijua habari za Ying na maiti, alisoma vitabu vile vile. Akamwacha. Mimi nadhani aliona walichoona watu wa mtoni: kwamba tambiko lile halikuwa la kisasi cha Chu. Watu wa Wu hawakumjengea aliporudi na ushindi. Walimjengea alipotupwa kwa sababu ya kusema mara ya kumi jambo ambalo kila mtu barazani alilijua na kulinyamazia. Walikuwa hawana namna nyingine ya kumwambia Fuchai kwamba amekosea.

Wakili wa Kijiji

Nimekuelewa, na nakubali nusu. Watu wa Wu walikuwa na haki ya kumlilia. Watu wa Chu je? Mimi ningekuwa mtu wa Ying nisingepeleka ubani. Lakini hiyo ya Di Renjie sikuijua, imenipa kazi ya kusoma.

Kisa na Mkasa

Sawa kabisa mkuu, tubaki hapo.

Niongeze matofali, maana nimeanza nayo. Wanasimulia kwamba Zixu aliwaambia watu wake wa karibu: nikishakufa, mji ukizingirwa na njaa ikiingia, chimbeni chini ya ukuta karibu na lango. Walipochimba wakakuta matofali ya mchele wa kunata. Ndiyo niangao. Ni hadithi, hakuna andiko la zama zile linaloithibitisha. Lakini mzee wa Suzhou aliponikatia kile kipande hakuwa akinipa hadithi, alikuwa akinipa chakula cha mtu aliyefikiria njaa yao wakati yeye mwenyewe ana upanga mbele yake.

Mzee wa Bamvua

Mabaharia nao wanamwomba?

Kisa na Mkasa

Wanamwomba mzee wangu, hasa Taiwan na visiwa vya Penghu. Huko yumo kwenye kundi la Wafalme wa Maji pamoja na Yu na Qu Yuan, na wana hekalu Tainan na Magong. Mwaka 1697 afisa mmoja, Yu Yonghe, alivuka kwenda Taiwan kutafuta salfa, akaandika jinsi mabaharia walivyofanya chombo kikielekea kuzama na hakuna tena la kufanya. Waliachia nywele, wakachuchumaa ubavuni mwa chombo, kila mmoja ameshika kijiti cha kulia chakula, wakawa wanapiga makasia hewani huku midomo ikitoa mlio wa ngoma, kama wako kwenye mashua ya joka ya mwezi wa tano.

Mzee wa Bamvua

Kijiti cha kulia chakula. Nimewahi kuwa mahali ambapo mlingoti umevunjika na maji yanaingia. Nawaelewa watu hao.

Nipo Zhejiang

Mleta uzi, umesahau Wen Zhong.

Kisa na Mkasa

Sijamsahau, nilikuwa namweka. Mweleze wewe, uko huko.

Nipo Zhejiang

Wen Zhong alikuwa waziri wa Goujian, yaani adui wa Zixu. Yeye na Fan Li ndio walioijenga upya Yue. Ushindi ulipopatikana Fan Li akakimbia, akamwandikia mwenzake kwamba ndege wakiisha, upinde mzuri huwekwa kabatini. Akaenda Qi kufanya biashara, na jina alilojipa kule ni Chiyi Zipi. Chiyi ni ule mfuko wa ngozi aliotupwa nao Zixu. Sijui mtu mwingine aliyechagua jina zito namna hiyo. Huyo Fan Li naye leo anaombwa kama mungu wa mali.

Wen Zhong akabaki. Goujian akampelekea upanga. Masimulizi yanasema ni Zhulou ule ule. Akazikwa mlimani, na baada ya mwaka mmoja Zixu akaja kutoka baharini, akaupasua mlima, akamchukua. Tangu hapo wakawa wanaelea pamoja: maji ya mbele ya wimbi ni Wu Zixu, maji yanayofuata nyuma ni Wen Zhong.

Mara ya pili nilipokwenda niliangalia kwa makusudi. Ukuta wa kwanza ulipita, watu wakaanza kukunja mikeka yao. Nikabaki kwenye mawe. Baada ya muda mfupi likaja la pili, la chini zaidi, halina povu jingi, linapanda juu ya maji yaliyokwisha kupanda.